Viazi Vinavyocheka

Kosa langu la kwanza katika jiko la Kogo, mzee wa Ayalandi niliyekuwa nikimhudumia, lilikuwa kumenya viazi. Nilivimenya vizuri, nikavikata vinne vinne kama tunavyovitia kwenye mchuzi kwetu, nikabandika sufuria. Kogo alikuwa ameketi karibu na dirisha, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Akaliangalia rundo la maganda, kisha akaniangalia mimi. "Umevivua koti," akasema. "Sasa maji yataingia na utamu utatoka."

Kesho yake alinielekeza kutoka kitini kwa fimbo yake. Viazi vioshwe tu, viingie vizima na maganda yake. Chumvi. Moto wa wastani. Vikikaribia kuiva maji yamwagwe, sufuria irudi motoni ikiwa kavu, kitambaa safi kifunike juu, viive kabisa kwa mvuke wao wenyewe. Ganda likipasuka na unga mweupe ukachungulia, wazee wa huko husema kiazi kinacheka. Vyangu vilicheka siku ya tatu. Tukavila kwa mikono, tukibandua ganda kwa ukucha wa kidole gumba, kwa siagi na chumvi, basi. Sikuwa nimewahi kula kiazi kitupu nikaondoka mezani nikijua nimekula.

Jina lake halikuwa Kogo. Ayalandi, hata mtu wa miaka themanini na kitu hutaka umwite kwa jina lake la kwanza, na mimi jina la mtu anayeweza kumzaa mama yangu halinitoki mdomoni kirahisi. Nikamwambia kwetu Kericho, kwa Wakipsigis, nyanya huitwa kogo. Akalitamka mara mbili, akalipenda. Yeye akaniita a stór, yaani hazina yangu kwa Kiayalandi, kwa kuwa alizaliwa Erris, pembe ya kaskazini magharibi ya kaunti ya Mayo, ambako sehemu nyingine lugha hiyo bado ni ya nyumbani.

Nilifika huko mwaka 2017 kuhudumia wazee majumbani mwao. Kazi hiyo ukiifanyia mashambani, gari ndilo nyumba yako. Nusu saa kwa mzee huyu, dakika arobaini na tano kwa yule, na kilomita ishirini za mvua katikati. Chakula cha mchana nilikinunua kwenye kituo cha petroli kama wanavyofanya mafundi, madereva na wanafunzi wa nchi nzima: mkate mrefu uliopasuliwa na kujazwa kuku wa kukaangwa, jibini na mayonezi, na soda pembeni. Ni kitamu, sitasema uongo. Kinashibisha haraka na unakila kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye usukani. Jioni nilipasha chakula cha sinia la plastiki kwenye maikrowevu. Moyoni nilijiona nimepanda ngazi. Nililelewa kwa ugali, mboga za isagek na maziwa ya kibuyu, vyakula nilivyovihesabu kuwa dalili ya kukosa. Chakula cha pakiti kilikuwa cha waliofanikiwa.

Kwa miaka miwili niliongeza kilo kumi na moja. Kisha daktari akapima damu yangu, akaniambia sukari imefika mlangoni pa kisukari. Haijaingia, lakini inabisha. Kisukari kilimkata baba yangu mguu kabla ya kumchukua mwenyewe. Nilitoka pale nikakaa garini muda mrefu bila kuwasha injini.

Ndipo nilipoanza kumsikiliza Kogo kwa makini. Tangu mwanzo alikuwa akinisimulia walivyokula, na mimi nilikuwa nikiitikia tu huku nikikunja nguo zake.

Alizaliwa mwaka 1934, wa sita kati ya watoto tisa. Asubuhi walikunywa uji wa oti. Chakula kikubwa kilikuwa cha mchana, si cha usiku kama siku hizi: viazi vilivyomwagwa kwenye kikapu kilichowekwa juu ya sufuria, wote wamezunguka, kila mtu na kikombe chake cha bláthach, yaani maziwa yanayobaki siagi ikishasukwa na kutolewa. Siku njema kulikuwa na kabeji iliyochemshwa pamoja na nyama ya nguruwe ya chumvi. Ijumaa hawakula nyama, kwa hiyo palikuwa na makrili waliotolewa kwenye pipa la chumvi. Jioni mkate, siagi, chai, yai kama kuku wametaga. Nguruwe alichinjwa nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na friji, nyama mbichi iligawiwa kwa majirani siku hiyohiyo; jirani akichinja wake, fungu lilirudi. "Friji yetu ilikuwa jirani," Kogo alisema.

Mwezi wa Oktoba walipika colcannon: viazi vilivyopondwa na majani yanayofanana kabisa na sukuma wiki yetu, maziwa ya moto, na shimo katikati ya kilima la kutia siagi. Usiku wa kuamkia Novemba huficha pete ndani yake, na atakayeipata ataolewa au kuoa mwaka huo. Nilipoionja mara ya kwanza nilisema kwa sauti: hii ni mukimo! Inakosa mahindi tu. Kogo alitaka kujua mukimo ni nini, nikamwonyesha picha kwenye simu, akasogeza miwani na kukubali kwamba ni jamaa.

Lakini kilichotufungamanisha ni maziwa. Siku moja aliniuliza mama yangu hunywa nini, nikamweleza mursik: jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, maziwa yakatiwa na kuachwa siku kadhaa hadi yagande, yawe na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Nilieleza kwa haraka na kwa haya kidogo, maana niliwahi kuwaeleza wenzangu wa kazini wakakunja nyuso. Kogo hakukunja uso. Aliweka kikombe chini. "Bainne clabair," akasema. Maziwa mazito ya kugandishwa. Nyanya yake aliyapenda kuliko maziwa mabichi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla ya kiazi kutawala, watu wa Ayalandi kwa karne nyingi waliishi hasa kwa oti na maziwa ya kila namna. Vyakula hivyo waliviita bánbhia, vyakula vyeupe. Siagi waliizika hata kwenye udongo mweusi wa mabwawa, udongo huohuo wanaoukata vipande kama matofali, wakaukausha na kuukokea moto; wakataji hadi leo huibua mabonge ya siagi, mengine ya zaidi ya miaka 3,000. Nikafikiri, hawa ni watu wa ng'ombe, kama sisi. Kogo alinifundisha pia kwamba mtu akiingia nyumbani wakati siagi inasukwa, ni lazima aseme "bail ó Dhia ar an obair", baraka ya Mungu juu ya kazi hii, na ashike mti wa kusukia japo kidogo. Asiposhika, siagi itagoma kutoka. Hakuna aliyeingia nyumba ile akasimama kuangalia chakula kikitengenezwa kama anaangalia televisheni.

Dirisha la Kogo lilielekea mlima mdogo. Jua la jioni likishuka unaona mistari juu yake, myembamba, ikipanda hadi mahali ambapo leo hakuna anayelima. Mimi nilidhani ni mifereji ya maji. "Ni matuta," akaniambia. "Matuta ya viazi. Waliyoyapanda hawakuyavuna."

Kabla ya mwaka 1845 kibarua wa shamba angeweza kula kilo tano au sita za viazi kwa siku pamoja na bláthach, na mlo huo, ingawa wa aina moja, uliupa mwili karibu kila unachohitaji. Lakini watu karibu milioni tatu waliegemea zao hilo moja, na kwa sehemu kubwa mbegu moja, iliyoitwa Lumper. Ukungu ukaingia, uleule ambao wakulima wa Molo na Bomet wanaujua kama blaiti, unaoweza kufanya shamba lilale kijani na kuamka jeusi. Mwaka 1845 uliharibu sehemu ya mavuno. Mwaka 1846 ukakomba karibu yote. Hadi njaa inakwisha mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamepanda meli, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza. Kaunti ya Mayo ilihesabiwa watu 388,000 na zaidi mwaka 1841. Mwaka 2022 walihesabiwa karibu 138,000. Nikiendesha gari huko mchana kutwa bila kupishana na mtu, nilidhani ni nchi ambayo haijawahi kujaa.

Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ayalandi wakati ule, iliagiza mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu hawakuyajua. Hawakuwa na vinu vya kusaga punje ngumu hivyo, wala hawakujua yanahitaji kupikwa muda gani, na waliyoyala yakiwa nusu mabichi yaliwakata matumbo. Waliuita unga huo min bhuí, unga wa njano, na Kogo aliukumbuka kama chakula cha kuku ambacho babu yake hakutaka hata kukiona.

Hapo ilinibidi niache kukunja nguo. Mama yangu, aliyechuma majani chai Kericho miaka thelathini, ana hadithi ya mwaka 1984, mvua zilipokosa na nchi ikaagiza mahindi ya njano. Ugali ukabadilika rangi mezani. Watu wakasema ni chakula cha ng'ombe wa Marekani, wakala kwa hasira, wakapima kwa kopo la gorogoro. Mama hadi leo akiona unga wenye dalili ya unjano huurudisha dukani. Nilimsimulia Kogo, naye akanyamaza kidogo, akaniambia nimpelekee mama salamu kuhusu jambo hilo hasa. Nilizipeleka usiku uleule kwa simu. Mama akauliza, "Na wazungu nao walishalishwa mahindi ya njano?" Kwa mama, njano haijawahi kuwa rangi tu.

Kuna kipindi nilikohoa wiki nzima. Kogo akanituma kabatini, nikatoa chupa yenye kitu kikavu, chenye rangi ya zambarau iliyofifia, kama nywele zilizosokotana. Mwani. Wao huuita carraigín, mwamba mdogo, kwa sababu hukusanywa kwenye miamba maji yakipwa. Aliniambia niuloweke, niuchemshe ndani ya maziwa kwa moto mdogo, nichuje, nitie asali. Maziwa yakawa mazito, yakateremka kooni taratibu. Nikamweleza kuhusu akina mama wa Kibuyuni, Kwale, na wa Unguja, wanaofunga mwani kwenye kamba baharini, wakauvuna na kuuanika, ukauzwa nje ya nchi. Alitaka kujua unakwenda wapi.

Jibu lilikuwa kwenye friji yake mwenyewe. Wajukuu walikuwa wamemletea vikombe vya plastiki vya krimu ya chokoleti. Nilisoma maandishi madogo kwa sauti: kati ya viungo kumi na kitu palikuwa na E407. Hiyo ndiyo karajinani, utomvu wa mwani, na jina lake limetokana na carraigín ya Kogo. Mwani wa aina ile wanaolima akina mama wetu huishia humo. Kogo akaniuliza, "Basi ni kilekile?" Nilifikiri kabla ya kujibu, na bado nafikiri. Kitu ni kilekile. Ila wewe uliutia ili maziwa mazuri yamtulize mtu anayekohoa, na mtu wa kiwandani ameutia ili maziwa membamba yaonekane mazito. Tangu siku hiyo, nikishika pakiti, hilo ndilo ninalouliza: hiki kimetiwa kwa ajili yangu, au ili kikae rafuni?

Nilivyozidi kupenda hadithi hizi, nilianza kusema ovyo. Siku moja nilimwambia zamani mlikula vizuri kuliko sisi. Alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika.

Aliniambia kuhusu Julai, mwezi walioita Iúil an Chabáiste, Julai ya kabeji, viazi vya zamani vimekwisha na vipya havijakomaa, mnakula majani na kusubiri. Kuhusu "viazi na kuelekeza": kuna kipande kimoja cha nyama kimening'inia darini, kila mtu anakielekezea kiazi chake kisha anakila kitupu. Watu waliusema kama utani, lakini njaa yenyewe haikuwa utani. Kuhusu dada yake aliyepata kifua kikuu, wakati ule maziwa mabichi yakiwa njia mojawapo ya ugonjwa huo. Kuhusu miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, chai ilipogawiwa nusu aunsi kwa mtu kwa wiki, gramu 14, na majani yakakaushwa yatumike tena. Wakati huohuo mkate mweupe ulipigwa marufuku, nchi ikala mkate mweusi wenye kapi zote. Na hapo mtu wa leo atasema vizuri, ndio afya. Lakini watoto wa Dublin wakazidi kupata matege, na madaktari wakaona kwamba kapi zile zilikuwa zinazuia madini ya kalsiamu yasiingie mifupani, hasa kwa mtoto asiye na maziwa ya kutosha. Watoto wa mashambani waliokuwa na ng'ombe walipona. Mkate haukuwa mbaya, ulikuwa peke yake. Na umeme, uliopelekwa mashambani kuanzia mwaka 1946 na kuwafikia wao baadaye sana, Kogo aliushukuru kila alipofungua friji. "Mama yangu alikufa amechoka," aliniambia. "Usimtamanie maisha yake."

Niliomba radhi. Kisha alinituma nichemshe maji. Pakiti ya chai ilikuwa ya Barry's ya Cork, iliyochanganywa na majani ya Kenya, na mimi kila nilipoichota nilimwona mama na kikapu mgongoni.

Mabadiliko yamekuwa ya haraka kuliko watu wanavyokumbuka. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha nchi 19 za Ulaya, ulionyesha kwamba karibu asilimia 46 ya nishati ya vyakula vilivyonunuliwa na nyumba za Ayalandi ilitoka kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Mwaka huohuo serikali ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari. Watu wazima sita katika kila kumi wana uzito uliozidi. Lakini mimi nilichokiona si tarakimu. Niliona nyumba ya watu watano wakila saa tano tofauti, kila mmoja na sinia lake, meza imegeuzwa pa kuwekea barua. Niliona mzee mkulima, mwenye ng'ombe mlangoni, akinunua maziwa ya boksi na mkate wa slesi. Wala siwahukumu, maana mimi mwenyewe niliyatupa yangu kabla hata sijapanda ndege.

Sikufanya maajabu. Nilianza kubeba chakula changu garini: viazi vya jana vikiwa baridi, yai, kabeji, chupa ya bláthach, ambayo huko bado inauzwa kila duka kwa sababu ya mkate. Soda niliiacha kwa shida, kwa miezi. Jumamosi nilipika. Kogo alinifundisha mkate wa magadi, kama ninavyouita: unga wa ngano wenye kapi, chumvi, baking soda, ambayo ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharagwe, na bláthach; uchachu unakutana na magadi, mkate unaumuka bila hamira wala kusubiri. Usikande, alisema, uguse tu. Kata msalaba juu ili ukiiva umegeke robo nne. Zamani waliuoka kwenye chungu cha chuma juu ya moto, makaa mengine yakipaliwa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini. Nilimwambia hivyo ndivyo tunavyooka keki kijijini. Uzito ulishuka polepole. Sukari ilirudi nyuma mwaka uliofuata.

Kogo alifariki Februari 2022, asubuhi, mvua ikinyesha upande ule wa matuta.

Desemba nilienda nyumbani. Jikoni kwa mama kulikuwa na soda ya lita mbili, mkate wa dukani na krispi za wajukuu. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia ukutani, kikavu, na mama akasema siku hizi hakuna wa kumsaidia kukisugua. Tulikisugua pamoja. Siku maziwa yalipokuwa tayari nilichukua unga wa atta, nikatia baking soda, na badala ya bláthach nikatia mala. Nikakata msalaba. Sufuria juu ya jiko la makaa, kifuniko, makaa juu.

"Mbona hujatia sukari?" mama akauliza.

Sikujibu. Uliiva, akaumega robo, akachovya kwenye mursik, akala amesimama. Akaumega tena. Robo ya tatu aliifunga kwenye kitambaa, akamwita mtoto wa dada yangu, akamwambia apeleke kwa jirani ungali moto. Mtoto akapenya kwenye ua, akarudi na maparachichi mawili.